Nani Amemwaga Uji Kwenye Bampa?

Ijumaa moja jioni, nyumbani Malinya, huku Ikolomani, Kakamega, nilipaka gari langu nta kwa mikono yangu mwenyewe. Kesho yake mafahali walikuwa wapigane uwanjani, na siku kama hiyo hata mtu asiye na fahali hupenda aonekane na kitu kinachong'aa. Nilipaka boneti, milango na buti, na kwa kuwa kopo lilikuwa limebaki nusu, nikapaka na bampa. Giza likaingia nimeridhika.

Asubuhi jua likaniumbua. Rangi ya gari ilikuwa safi, lakini bampa, lile jeusi lisilopakwa rangi ambalo Probox nyingi huwa nalo, lilikuwa na mabaka meupe kutoka pembe hadi pembe. Shemeji yangu alifika kwa miguu, ngoma za isukuti zikisikika tayari kwa mbali. Akalizunguka gari mikono ikiwa mgongoni, kama mzee anayekagua ng'ombe wa mahari, kisha akasimama mbele ya bampa.

"Shemeji," akaniuliza taratibu, "nani amemwaga uji hapa?"

Siku hiyo niliegesha gari pua ikiwa ndani ya ua wa watu. Tangu hapo nimesafisha mabampa mengi, langu na ya majirani, nikakosea mara kadhaa, na haya ndiyo ninayoyajua.

Anza kwa kuielewa nta yenyewe. Kopo moja huwa limechanganywa vitu vingi. Mara nyingi mna nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaomea kaskazini mashariki mwa Brazili, nta ngumu ambayo haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 82 hivi. Mna mafuta mepesi ya kuilainisha ili ipakike, na haya hupotelea hewani baada ya dakika chache. Na katika nyingi ya zile zinazodai kusafisha na kung'arisha kwa pamoja, mna unga laini sana wa kusugua. Juu ya bati lililopakwa rangi hakuna shida: uso wake ni laini kama kioo, nta ikikauka unaifuta, basi. Plastiki ya bampa si hivyo. Kiwandani hutiwa makunyanzi kwa makusudi, mfano wa ngozi ya mbuzi, ili isionyeshe mikwaruzo. Tazama kwa karibu, jua likiwa upande, utaona nchi nzima ya vilima na mabonde, Ikolomani ndogo. Nta hutiririka mabondeni, mafuta mepesi yakaruka, ikabaki nta kavu na unga wake. Kitambaa chako kinapita vilimani tu. Ndiyo maana unafuta na kufuta, na weupe uko palepale.

Kwetu weupe wenyewe haudumu wiki. Vumbi jekundu la barabara hunasa kwenye nta, na bampa lililokuwa na mabaka ya uji linakuwa na mabaka ya matofali. Mtu akikuletea gari lenye rangi hiyo ukadhani ni tope la kawaida, utamaliza sabuni bure.

Aliyelelewa kwenye nyumba ambayo stima hupotea mara kwa mara anajua dawa ya nta bila kufundishwa. Mshumaa ukidondoka kwenye kitambaa cha meza, mama hakisugui kwa maji baridi. Anaweka gazeti juu, anapitisha pasi ya moto, nta inalegea na gazeti linainywa. Kazi ni mbili, kulegeza na kuinua. Wengi wanaoharibu mabampa wamefanya moja wakaacha nyingine. Ukisugua nta ambayo haijalegea, unaisukuma ndani zaidi. Ukiilegeza bila kitu cha kuiinua, unaitandaza, na baka lililokuwa la kiganja linakuwa la mlango mzima.

Kabla ya kuchukua mswaki, hakikisha ni nta kweli. Plastiki iliyochomwa na jua kwa miaka nayo huwa ya kijivu, na watu huichanganya na nta kila siku. Kwaruza kwa ukucha. Nta huacha ugoro mweupe chini ya kucha, na hupenda kukaa kwa mistari pale plastiki inapokutana na rangi, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mpakaji huteleza. Jua halichagui mistari. Hufifisha eneo zima, hasa sehemu zinazotazama juu, na ukucha hautoki na kitu. Plastiki ya namna hiyo hakuna mswaki utakaoifanya iwe nyeusi tena. Inahitaji kurudishiwa rangi, na hiyo ni kazi nyingine.

Sasa niseme kuhusu oili chafu, maana hapa ndipo ninapogombana na watu.

Ukilipeleka bampa lenye mabaka mahali pa kuoshea magari kando ya barabara, kuna vijana watakaolisugua kwa sabuni, na kuna wale watakaochovya kitambaa kwenye kibuyu cha oili iliyotolewa kwenye injini, au dizeli, wakapaka mara moja. Bampa linakuwa jeusi kama kunguru. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Lakini hii ni Kakamega, ambako hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua yenyewe hupenda alasiri. Saa tisa mawingu yanafunga, saa kumi oili inateremka kwenye matairi, na jioni nta yako iko palepale, sasa imeshikamana na vumbi. Nilifanyiwa hivyo mara moja nikiwa nimeketi palepale nakunywa soda, kwa hiyo lawama nusu ni yangu.

Hasara haiishii kwenye sura. Raba zinazozuia maji milangoni huvimba na kulegea zikikutana na mafuta ya petroli mara kwa mara, kisha unaanza kushangaa kwa nini zulia la gari lina maji. Oili iliyotumika imebeba vipande vidogo vya chuma na kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayeishika kila siku, na anayeishika kila siku ni yule kijana, si wewe. Mtoto akiegemea gari, sare ya shule imekwisha. Na maji yanayoosha yote hayo huteremka mtaroni, mtaro ukateremka kijitoni, nasi huku mabonde yetu mengi yanaelekea mto Yala.

Petroli ni mbaya zaidi. Ni kweli huyeyusha nta, ila inawaka kwa cheche ndogo, inakula rangi ya jirani ya plastiki, na ikikauka huacha plastiki kavu na yenye weupe mpya. Thina usiiguse kabisa: hulainisha baadhi ya plastiki mpaka zikanata, na tone likirukia taa ya mbele, hutaisahau.

Kazi yenyewe ifanyike asubuhi, gari likiwa kivulini na plastiki ikiwa baridi. Chini ya mwembe ni pazuri kama si msimu wa maembe. Asubuhi kwa sababu ya mvua niliyokwisha kuitaja, na kivuli kwa sababu sabuni ikikaukia kwenye jua itakuachia mabaka yake mapya.

Osha kwanza. Maji mengi, sabuni ya maji kidogo, sponji laini, ili mchanga utoke. Ukiruka hatua hii utakuwa unasugua bampa kwa msasa wa barabara. Likishakauka, jaribu njia nyepesi kuliko zote: brashi kavu yenye nywele ngumu kiasi, ile ya kusugulia viatu ambayo haijawahi kugusa kiwi. Nta ya jana au juzi mara nyingi huvunjika na kuruka kama mba. Mistari myembamba kandokando ya rangi ifute kwa raba ya penseli, ile nyeupe laini. Inanasa nta na kuibeba kwa vipande vidogo vidogo, nawe unavipeperusha kwa pumzi. Watoto wangu walidhani nimepata wazimu waliponikuta nimechuchumaa nafuta gari kama daftari la hesabu, lakini mistari ilitoka.

Iliyozeeka inataka maji ya moto. Si ya kuchemka. Yawe ya joto ambalo mkono unalivumilia kwa shida, kama ya kuogea asubuhi ya baridi. Tia sabuni ya vyombo, ile iliyotengenezwa kukata mafuta ya sufuria, kijiko kimoja kwenye lita moja. Loweka kitambaa, kibandike juu ya baka, hesabu mpaka mia moja. Joto hilo halifiki la kuyeyusha kanauba, ila huilainisha, na sabuni inapata pa kushika.

Kisha mswaki. Mzee, wa nywele za kati, si wa chuma. Fanya eneo la kiganja kimoja kwa wakati, usizidishe. Zungusha kulia, zungusha kushoto, kisha piga mswaki juu na chini kufuata makunyanzi, kwa uzito ule unaopigia meno yako, si ule wa kusugulia sufuria iliyoungua. Angalia povu. Mwanzoni ni jeupe la sabuni. Baada ya nusu dakika hivi linakuwa zito, linapata rangi ya chai ya maziwa, vumbi letu jekundu hilo, na ndani yake utaona chembe kama za chenga za mchele. Hiyo ndiyo nta, imeinuka. Hapo usiendelee kusugua, maana unairudisha. Futa kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukikunja upande mpya kila mara, suuza mswaki kwenye kopo la maji peke yake, uanze eneo la pili. Wanaoshindwa hapa wengi wameshindwa na kitambaa: kimoja kichafu kwa bampa zima, nta inatolewa kushoto inapelekwa kulia.

Bampa la Probox, nta ya mwezi mmoja, lilinichukua saa moja na robo. Usiahidi mtu dakika kumi.

Palipobaki, tumia spiriti ya kusafishia vidonda kutoka duka la dawa. Changanya nusu kwa nusu na maji, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya bampa, usubiri dakika tano uone kama rangi inatoka kwenye kitambaa. Kama haitoki, endelea. Weka kwenye kitambaa, usimwage kwenye gari, na usiache ikae juu ya rangi. Sigara mbali. Magari yenye stika za matawi ya chama, kanisa au timu, kuwa mwangalifu, na pikipiki ndizo zaidi: boda boda nyingi hapa zina michoro iliyobandikwa, na spiriti hulegeza gundi yake. Ukimharibia kijana wa boda jina la mpenzi wake kwenye madigadi, hilo halifutwi kwa mswaki.

Njia ya karanga huwachekesha watu mpaka waione. Karanga zilizosagwa zikawa laini, bila chumvi wala sukari, zina mafuta ambayo nta huyapenda, na ule uzito wake unasugua bila kukwaruza. Paka kidogo, sugua kwa mswaki, acha dakika tano, futa. Kwa kulegeza, ni hodari kuliko sabuni. Tatizo ni kuinua: mafuta ya karanga yenyewe hubaki mabondeni, na usipoyaosha mara mbili kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, vumbi litanasa upya. Tena sisi tunaishi jirani na msitu wa Kakamega. Niliwahi kuacha kazi nusu nikaenda kula, nikarudi nikakuta msafara wa sisimizi unapanda tairi la mbele kwa nidhamu ya wanajeshi. Nilishukuru Mungu hawakuwa siafu. Kwa hiyo karanga ni za baka moja sugu, si za gari zima, na mke wangu ana maoni yake kuhusu karanga za mboga kuishia kwenye bampa.

Kuna na draya ya nywele. Kwa nta nene, iliyoganda kama ya mshumaa kwenye pembe na mishono, hakuna inayoishinda. Saluni ya jirani ilinikopesha yao kwa sharti nilete gari mlangoni, waya usitoke nje ya macho yao, na wateja wote waliokuwa wakisukwa wakapata burudani. Ishike umbali wa upana wa mkono, iwe inatembea, usisimame mahali pamoja. Nta ikianza kung'aa na kuwa na unyevu, bonyeza kwa kitambaa cha pamba, inua, usisugue. Ni lile gazeti la mama chini ya pasi. Gusa plastiki kwa mgongo wa kidole, na kama huwezi kuvumilia, pumzisha. Usije ukabadilisha draya kwa ile mashine ya moto ya mafundi wa rangi. Hiyo inaweza kufika nyuzi 500 na zaidi, wakati plastiki ya mabampa mengi huyeyuka kwenye 160 hivi. Sekunde chache tu, na yale makunyanzi ya ngozi ya mbuzi yamelala chini, pamebaki pakavu panang'aa kama kovu. Na usiwashe draya mahali ulipotoka kupaka spiriti.

Plastiki nyeusi zinazong'aa, kama zile za nguzo katikati ya madirisha, hazimo katika maelezo haya ya mswaki. Hizo zinakwaruzika kwa kuangaliwa. Kitambaa laini, maji ya sabuni, kidole kimoja, basi.

Ukishamaliza, suuza na uache likauke kabisa kabla ya kujipongeza, maana plastiki yoyote ikiwa na maji huonekana nyeusi. Weupe ukirudi baada ya kukauka, ujue pamebaki kitu. Ukiwa tayari, paka dawa ya plastiki ya nje iliyochanganywa kwa maji, kidogo, kwa sponji, kisha ufute iliyozidi. Baadaye, nta ikiangukia hapo kwa bahati mbaya, itakuwa na kazi kubwa zaidi kupata bonde tupu.

Na ukipaka gari nta safari ijayo, tafuta ile tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi. Bandika kwenye kila ukingo ambapo plastiki inakutana na rangi: kandokando ya bampa, ukanda wa milangoni, kuzunguka vishikio, chini ya vioo vya pembeni. Usitumie tepu ya kahawia ya kufungia maboksi, inaacha gundi, nayo gundi ina hadithi yake ndefu. Paka nta kwa sponji ndogo, si kwa mkono mzima. Ikidondoka kwenye plastiki, ifute papo hapo ikiwa mbichi kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu kwa dakika hizo chache bado ni mafuta, haijawa uji.

Desemba ikikaribia, watu wa mijini wanaanza kurudi nyumbani na magari yaliyong'arishwa haraka huko Nairobi na Nakuru, na siku za mafahali unayaona yamepangana kando ya barabara ya uwanjani, mengi yana ile mistari myeupe kandokando ya bampa. Shemeji sasa ana Probox yake ya kubebea abiria. Mwaka jana alikuja nayo mapema kabla ya umande kukauka, akaiegesha chini ya mwembe, akashuka bila salamu ndefu.

"Shemeji, ule mswaki uko?"

Nikamletea na ndoo ya maji ya moto. Akachuchumaa mbele ya bampa, akakwaruza kwa ukucha, akanionyesha kidole. Kilikuwa na ugoro mweupe.

"Sijui nani amemwaga," akasema, akavua koti.